Uzi: Kulainisha kingo za picha iliyokatwa duara, na kwa nini mkasi wa programu huacha meno

Mleta uzi:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Swali la picha iliyokatwa ikabaki na meno kwenye kingo limeletwa humu mara nyingi, na kila mara jibu limekuwa la mstari mmoja: washa ulainishaji, tatizo litaisha. Aliyejaribu anajua kwamba haliishi. Ninaomba nilieleze kwa kirefu, kwa sababu nililipitia mwenyewe na lilinigharimu.

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kutengeneza vitambulisho vya wanachama wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Programu niliiandika kwa lugha ya Java: karani anachagua picha ya mwanachama, programu inaikata kwa umbo la duara, kisha duara hilo linawekwa kwenye kadi ya plastiki yenye vipimo vya kawaida, yaani milimita 85.6 kwa 54. Kwenye kioo cha kompyuta sikuona kasoro yoyote. Kadi za kwanza zilipotoka kwenye printa, mabega na nywele za watu zilikuwa zimezungukwa na ngazi ndogo ndogo kama meno ya msumeno. Mzee mmoja aliipokea kadi yake, akapitisha kidole kwenye ukingo wa picha, akaniuliza kwa upole kama ndivyo ilivyotakiwa kuwa. Nililazimika kuzichapisha upya kadi zote.

Makosa yalikuwa mawili, nami niliyafanya yote kwa pamoja. La kwanza ni kwamba nilitumia amri ya kukata iitwayo setClip, nikaipa duara, nikachora picha ndani yake nikiamini kwamba ile nyenzo ya ulainishaji, KEY_ANTIALIASING, niliyoiwasha italainisha kila kitu. La pili ni kwamba niliikata picha ikiwa ndogo, pikseli 120 kwa upana kwa sababu ndivyo kisanduku cha kioo kilivyokuwa, kisha nikaikuza ili ijaze duara la milimita 25 kwenye kadi. Kwa printa ya nukta 300 kwa inchi, milimita 25 ni takriban pikseli 295. Kwa hiyo kila jino lililozaliwa kwenye picha ndogo lilikuzwa karibu mara mbili na nusu, likafikia upana wa milimita 0.2, ambao jicho la mtu mzima hauukosi.

Kosa hilo la pili lina dawa rahisi, nami nitalipita haraka: pima kwanza, kata baadaye. Picha ifikishwe kwenye ukubwa wake wa mwisho, ndipo ukingo utengenezwe. La kwanza ndilo lenye mambo mengi.

Pikseli si nukta isiyo na eneo. Ni kijumba chenye eneo, na mstari wa duara unapopita hukuti pikseli moja iliyo ndani kabisa na jirani yake iliyo nje kabisa. Katikati yao kuna pikseli nyingi zilizogawanywa, nyingine robo yake iko ndani, nyingine sehemu tisa kwa kumi. Amri ya kukata huuliza swali moja tu kwa kila pikseli, nalo ni kama kitovu chake kimo ndani ya umbo au hakimo. Jibu ni ndiyo au hapana. Pikseli ambayo asilimia 51 yake imo ndani huchukuliwa nzima, na iliyo na asilimia 49 hutupwa nzima. Ngazi tunazoziona ndizo matokeo ya hesabu hiyo isiyo na sehemu. Franklin Crow aliliandika tatizo hili kwa upana mwaka 1977 alipochambua michoro ya kompyuta ya wakati ule, na sababu aliyoitaja bado ndiyo hii: tunachukua sampuli chache mno za umbo lenye maelezo mengi kuliko pikseli zinavyoweza kuyabeba.

Mtu atauliza, kama nimewasha KEY_ANTIALIASING, mbona haisaidii? Ni kwa sababu katika Java 2D, sehemu ya Java ya kuchora, nyenzo hiyo inaongoza kazi ya kuchora na kujaza maumbo, haiongozi kazi ya kukata. Ukijaza duara kwa rangi, kingo zitakuwa laini. Ukikata kwa duara hilo hilo, zitakuwa na meno, hata kama nyenzo imewashwa mwanzo hadi mwisho. GDI+, maktaba ya kuchora ya Windows, ina tabia hiyo hiyo: nyenzo yake ya SmoothingMode hulainisha FillEllipse, amri ya kujaza duara, lakini haigusi SetClip. Nimewaona watu wakipoteza siku nzima wakiibadilisha nyenzo hii na ile, ilhali mlango wenyewe haupo upande huo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: usiikate picha, ipake. Mkasi hauwezi kuacha pikseli nusu, lakini brashi inaweza kupaka pikseli nusu. Ukingo laini ni kiasi, na kiasi hicho kinahitaji mahali pa kuandikwa. Mahali hapo ni chaneli ya alfa, yaani namba ya nne inayoambatana na nyekundu, kijani na bluu, inayosema pikseli hii inafunika kwa kiwango gani kile kilicho chini yake. Wazo hilo lilianzishwa na Ed Catmull na Alvy Ray Smith mwishoni mwa miaka ya 1970 huko New York, na mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm wakalipangia kanuni 12 za namna tabaka moja linavyokutana na jingine. Kanuni hizo ndizo utakazozikuta ndani ya darasa la AlphaComposite katika Java hadi leo.

Namna ya kuzitumia ni hii. Unatengeneza turubai tupu lenye alfa. Unajaza duara juu yake kwa rangi yoyote huku ulainishaji umewashwa. Sasa turubai lina barakoa yenye kingo laini, yaani umbo linaloamua picha ionekane wapi na kwa kiasi gani. Kisha unabadilisha kanuni kuwa SrcIn, ambayo maana yake ni kwamba kitakachochorwa sasa kitaonekana kwa kadiri ya alfa iliyokwisha kuwapo. Unachora picha nzima bila kuikata, na barakoa inaipunguza yenyewe.

```
BufferedImage turubai = new BufferedImage(upana, urefu, BufferedImage.TYPE_INT_ARGB);
Graphics2D brashi = turubai.createGraphics();
brashi.setRenderingHint(RenderingHints.KEY_ANTIALIASING,
                        RenderingHints.VALUE_ANTIALIAS_ON);
brashi.fill(new Ellipse2D.Double(1, 1, upana - 2, urefu - 2));
brashi.setComposite(AlphaComposite.SrcIn);
brashi.drawImage(picha, 0, 0, upana, urefu, null);
brashi.dispose();
```

Angalieni kwamba duara nimelianzia kwenye 1 na kulipunguza kwa 2. Ukilijaza hadi mwisho wa turubai, sehemu nne zinazogusa kuta, yaani juu, chini, kulia na kushoto, huonekana bapa, kwa sababu hakuna pikseli iliyo wazi nje yake ya kukamilisha mteremko wa alfa kutoka kamili hadi sifuri. Nafasi ya pikseli 1 kila upande inatosha, na baadaye mtaona kwamba inafaa kwa jambo jingine pia.

Ipo njia fupi zaidi, ya kuifanya picha yenyewe iwe rangi ya brashi kwa kutumia TexturePaint, kisha kulijaza duara moja kwa moja. GDI+ ina TextureBrush kwa kazi hiyo, na kwenye Android kuna BitmapShader inayowekwa kwenye Paint yenye ulainishaji kabla ya kuita drawRoundRect au drawCircle. Kwa Android ningechagua hiyo, kwa sababu haihitaji turubai la pembeni na simu za watu wetu nyingi hazina kumbukumbu ya kuchezea. Kwa kitambulisho cha kuchapishwa ninaipenda njia ya barakoa, kwa kuwa barakoa ni kitu unachoweza kukihifadhi, kukitazama, na kukitumia tena kwa picha elfu.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, ahsante kwa uzi ulioshiba. Mimi si mtu wa Java. Nina picha zaidi ya 600 za wanafunzi kwenye folda moja, nami ninatumia Python na maktaba ya Pillow. Nimechora duara kwa ImageDraw kama barakoa, nikaiweka kama alfa ya picha kwa amri ya putalpha, lakini meno yapo pale pale. Nilidhani barakoa ingeyaondoa.

Mleta uzi:

Ndugu, hujakosea kanuni. Kilichokuangusha ni chombo. Amri ya kuchora duara katika ImageDraw hailainishi kingo, kwa hiyo barakoa uliyoitengeneza ina thamani mbili tu, 0 na 255. Barakoa yenye meno hutoa picha yenye meno.

Dawa yake ni kuichora barakoa ikiwa kubwa mara 4 kwa upana na mara 4 kwa urefu, kisha kuipunguza hadi ukubwa halisi kwa kichujio cha BOX, ambacho huchukua wastani. Kila pikseli ya mwisho itakuwa imetokana na pikseli 16, kwa hiyo ukingo utakuwa na viwango 17 vya ufunikaji, kutoka pasipo kitu hadi kamili, badala ya viwili. Kwa uso wa mtu kwenye kadi hiyo inatosha kabisa; nimejaribu mara 8 na jicho langu halikuona tofauti kwenye karatasi.

Jambo moja la kuzingatia ni kwamba unaikuza barakoa tu, huikuzi picha. Watu wengi huikuza picha pamoja nayo kisha wakavipunguza vyote viwili, na kwa picha 600 utasubiri bure huku uso ukipoteza ukali wake. Tengeneza barakoa mara moja, nje ya kitanzi, kisha uitumie hiyo hiyo kwa kila mwanafunzi, maadamu picha zote zimekwisha kuwekwa kwenye ukubwa mmoja.

Mchangiaji wa pili:

Ndugu mleta uzi, naomba kuongezea kwa wanaopenda kuelewa hesabu yenyewe. Kwa duara huhitaji sampuli 16, kwa sababu umbali unaweza kukupa jibu la karibu sana. Pima umbali kutoka kitovu cha duara hadi kitovu cha pikseli, toa nusukipenyo, kisha uitoe tofauti hiyo kwenye 0.5, matokeo yakiwa chini ya 0 yafanye 0, yakizidi 1 yafanye 1. Chukulia duara la nusukipenyo cha pikseli 100. Pikseli ambayo kitovu chake kiko umbali wa 99.8 itapata 0.7, na iliyo umbali wa 100.3 itapata 0.2. Zidisha kwa 255 na umepata alfa.

Ninaitumia hesabu hii kwenye kadi ya michoro ya kompyuta (GPU), ambako kila pikseli inajihesabia yenyewe kwa wakati mmoja. Humo kuna kazi iitwayo fwidth inayokuambia umbali unabadilika kwa kiasi gani kutoka pikseli moja hadi jirani yake. Ukigawanya kwa kiasi hicho, ukingo unabaki na upana wa pikseli moja hata mtumiaji akilikuza au kulipunguza duara.

Mleta uzi:

Nashukuru sana, hii imekamilisha nilichokiacha. Niseme pia kwamba wengi wanaoiandika hesabu hii huweka mwishoni, kwa mazoea, smoothstep, yaani kazi inayoupinda mteremko uanze na kuisha taratibu. Inafaa, lakini upana wa mteremko usizidi pikseli moja au moja na nusu. Mteremko wa pikseli 4 au 5 ni ukungu, nao ni chaguo la urembo linaloifanya picha ya kitambulisho ionekane imetoka nje ya fokasi. Nimeona watu wakiuweka ukungu ili kuyaficha meno, na meno yanabaki chini yake, yamefifia tu.

Mchangiaji wa tatu:

Mkuu, nimefuata njia yako ya Java na duara limetoka zuri. Nikalihifadhi kama PNG, nikalipeleka kwenye mchezo wa kadi ninaoutengeneza kwa OpenGL, mfumo wa kuchora kwa kadi ya michoro. Kila ninapolipunguza, mstari mwembamba wenye weusi hujitokeza kuuzunguka uso. Nikilitazama kwa ukubwa wake halisi, mstari haupo. Je, ni barakoa?

Mleta uzi:

Hapana, barakoa yako ni nzima. Uliyokutana nayo ni mojawapo ya kasoro ambazo hazionekani mpaka picha ikutane na kichujio, na ninafurahi umeileta kwa sababu imewachosha wengi.

Katika turubai letu, pikseli zilizo nje ya duara zina alfa 0, nazo rangi yake ni nyeusi: nyekundu 0, kijani 0, bluu 0. Kwa kuwa hazionekani, hakuna anayejali ni za rangi gani. Lakini OpenGL inapoipunguza au kuigeuza picha, huchukua wastani wa pikseli jirani, na wastani huo huchukuliwa kwa rangi na kwa alfa kila kimoja peke yake. Chukua pikseli nyekundu kamili, 255, iliyo ndani ya ukingo, na jirani yake iliyo wazi. Wastani wa alfa ni nusu, ambayo ni sahihi. Wastani wa rangi ni 127, ambayo ni uongo, kwa sababu pikseli isiyoonekana haikupaswa kuwa na sauti juu ya rangi. Unapata wekundu uliotiwa giza, ukionekana kwa nusu, na ndiyo huo mstari wako.

Tiba ni kuizidisha rangi kwa alfa kabla ya kichujio chochote. Faili la PNG huhifadhi rangi bila kuzidishwa, kwa hiyo unapolisoma, zidisha kila rangi ya kila pikseli kwa alfa yake, ndipo uipeleke kwenye kadi ya michoro. Kisha kanuni ya kuchanganya ibadilishwe: glBlendFunc ipewe GL_ONE na GL_ONE_MINUS_SRC_ALPHA, badala ya kuanza na GL_SRC_ALPHA. Katika mfano wetu, wastani wa rangi iliyozidishwa bado ni 127, lakini sasa 127 hiyo inamaanisha nyekundu kamili kwa ufunikaji wa nusu, jambo ambalo ni kweli. Porter na Duff walizijenga kanuni zao juu ya rangi iliyozidishwa namna hii, na kila ninapoliona tatizo la mstari ninaona busara ya uamuzi wao. Ukisahau kuibadilisha kanuni ya kuchanganya, alfa itazidishwa mara mbili na kingo zitakuwa nyeusi kuliko mwanzo. Kwa hiyo yafanye yote mawili kwa pamoja.

Wasomaji wengine wasije wakaihifadhi kazi hii kama JPEG. JPEG haina nafasi ya alfa, na GIF inakubali rangi moja tu iwe wazi kabisa, kwa hiyo meno yanarudi siku ile ile uliyoyaondoa.

Mchangiaji wa nne:

Naomba kumsahihisha ndugu mleta uzi kwa heshima. Wastani wenyewe mnaouchukua una walakini. Nyeusi ni 0 na nyeupe ni 255, na pikseli iliyofunikwa nusu mnaipa 128. Lakini namba za sRGB, yaani namna ya kawaida ya kuandika rangi kwenye kompyuta, hazilingani na nuru moja kwa moja. 128 hutoa takriban asilimia 22 tu ya nuru ya nyeupe. Nusu ya nuru iko karibu na 188. Kwa hiyo kingo zote mnazozichora ni nzito kuliko zinavyopaswa kuwa.

Mleta uzi:

Sahihisho lako ni la kweli, nami ninalipokea. Njia kamili ni kuzigeuza rangi ziwe nuru, kuchanganya, kisha kuzirudisha. Nitatoa maoni yangu kuhusu lini jambo hili lina uzito. Uso wa mtu mwenye mandhari ya bluu ya studio, ukiwekwa kwenye kadi ya rangi ya kati, tofauti ni ndogo, na hakuna mteja wangu aliyewahi kuiona. Maandishi membamba meusi juu ya nyeupe, au umbo jeupe juu ya nyeusi, tofauti ni kubwa: ya kwanza hunenepa, ya pili hukonda. Kwa maumbo ya namna hiyo ninakubaliana nawe bila kusita.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni kuchanganya desturi mbili katika kazi moja, barakoa ikatengenezwa kwa nuru na picha ikaunganishwa kwa sRGB, kwa sababu hapo hakuna namba inayomaanisha tena ilichokusudiwa kumaanisha. Alfa yenyewe isigeuzwe kamwe. Ni kipimo cha eneo lililofunikwa. Rangi ndizo zinazogeuzwa.

Mchangiaji wa tano:

Shikamoo mkuu. Mimi bado ni mwanafunzi. Ninatumia Flutter kutengeneza programu za simu, na nimeona ClipOval, chombo chake cha kukata duara, inatoa kingo laini bila haya yote. Je, huko mkasi una akili zaidi?

Mleta uzi:

Marahaba mdogo wangu. Flutter imekuwekea uchaguzi wazi, nalo ni jambo zuri. Kuna Clip.hardEdge, ambayo ni mkasi wa ndiyo na hapana, Clip.antiAlias, ambayo hulainisha ukingo, na Clip.antiAliasWithSaveLayer, ambayo hutengeneza turubai la pembeni kabla ya kukata. ClipOval huanza na Clip.antiAlias, ndiyo maana hukuona meno. Ile ya tatu ni nzito kwa simu, kwa hiyo usiiweke kwenye orodha ndefu ya picha za watu. Iweke pale tu unapoona rangi ya tabaka la chini ikivuja kwenye kingo za vitu kadhaa vilivyokatwa pamoja. Ukijua kwa nini imekuwepo, utajua pia wakati wa kuiacha.

Mchangiaji wa sita:

Suala langu linakaribiana na hilo la kuvuja. Nimekata duara la picha kwa barakoa, nikachora pete ya dhahabu kuizunguka, kipenyo cha ndani cha pete kikiwa sawasawa kabisa na kipenyo cha picha. Kadi ni ya kijani kibichi. Kati ya pete na picha kuna uzi mwembamba wa kijani. Nimehakiki vipimo mara nyingi na vinalingana hadi desimali ya mwisho.

Mleta uzi:

Ndugu, kulingana kwa vipimo ndiko kulikoleta uzi huo. Chukua pikseli moja ambayo mpaka unapita katikati yake. Picha inaifunika nusu. Pete nayo inaifunika nusu. Mtu angetarajia nusu na nusu zifanye nzima, lakini programu haijui kwamba nusu hizo mbili ziko pande tofauti za pikseli. Inajua tu kwamba tabaka la kwanza liliacha nusu ya kijani ikionekana, na la pili limefunika nusu ya kilichopo. Nusu ya nusu ni robo. Robo ya kijani inabaki, kwenye kila pikseli ya mzunguko mzima.

Usitafute vipimo sahihi zaidi, maana havipo. Fanya maumbo yapandane: ikuze picha ipite chini ya pete kwa pikseli 2 au 3, kisha pete ichorwe juu yake. Pikseli za mpaka wa ndani wa pete zitakuwa zimekwisha kufunikwa kikamilifu na picha, na kijani hakitakuwa na mahali pa kupenya. Mafundi wa kushona hufanya hivyo kwa asili, hawaunganishi vitambaa viwili kwa kugusanisha kingo zake tu.

Mchangiaji wa sita:

Nimeipanua picha kwa pikseli 3 na uzi umeondoka. Nina la mwisho. Picha moja ya mstatili nimeiinamisha nyuzi 7 kwenye kona ya kadi kama pambo. Ndani ya picha ni laini, lakini pande zake nne zina meno. Hapo sijakata chochote.

Mleta uzi:

Umeikata bila kujua, kwa sababu mwisho wa picha ni mkasi pia. Ukiigeuza picha katika Java 2D, kichujio cha VALUE_INTERPOLATION_BILINEAR hulainisha pikseli za ndani kwa kuzichanganya na jirani zao, lakini pikseli za pembeni hazina jirani upande wa nje, kwa hiyo programu hurudi kwenye swali lake la ndiyo au hapana. Wape jirani. Nakili picha kwenye turubai la TYPE_INT_ARGB lililo kubwa kwa pikseli 1 ya wazi kila upande, ndipo uligeuze turubai hilo. Kichujio kitaichanganya pikseli ya mwisho na ile iliyo wazi, na mteremko utazaliwa wenyewe. Hii ndiyo faida ya pili ya nafasi ile niliyoiacha kwenye duara.

Mchangiaji wa saba:

Wakuu, mmezungumzia duara na mstatili. Mimi ninaondoa mandhari yote na kumbakiza mtu. Kina dada wenye nywele za asili zilizoachwa wazi wananishinda kabisa. Ama nywele zinakatwa kama kofia, ama zinabaki na wingu la bluu ya studio.

Mleta uzi:

Hapa umbo halina mlinganyo, na hakuna barakoa ya kuchora kwa hesabu. Nywele za namna hiyo zina sehemu pana, wakati mwingine makumi ya pikseli, ambamo kila pikseli kwa kweli ni mchanganyiko wa nywele na kitambaa cha nyuma. Alfa ya katikati humo ndiyo hali halisi ya kichwa chake. Anayewapunguzia nywele kwa kuzikata kama kofia anawabadilisha sura kwenye kitambulisho chao, nami ninaliona jambo hilo kuwa zito.

Utaratibu unaofaa ni kugawa picha katika sehemu tatu: iliyo mtu kwa hakika, iliyo nyuma kwa hakika, na ukanda wa mashaka kati yake, kisha kuiachia programu ya kukadiria alfa ishughulikie ukanda huo peke yake. Ukanda uwe mpana kwenye nywele na mwembamba sana kwenye mabega. Lile wingu la bluu ni kazi ya pili, kwa sababu alfa ikiwa sahihi bado rangi ya pikseli ina bluu ndani yake. Kwa kuwa bluu ya studio unaijua, unaweza kuitoa: rangi iliyopigwa ni rangi ya nywele mara alfa, jumlisha bluu mara kilichobaki. Toa sehemu ya bluu, kinachobaki ni rangi ya nywele iliyokwisha kuzidishwa kwa alfa, tayari kwa kuchanganywa kama nilivyomweleza ndugu wa OpenGL. Pale alfa ilipo ndogo sana matokeo huwa na chembechembe. Hapo ninachukua rangi ya nywele zilizo karibu badala ya kuamini hesabu.

Ukimaliza, usiihakiki kazi juu ya nyeupe peke yake. Iweke juu ya nyeupe, juu ya nyeusi, na juu ya rangi yenyewe ya kadi, kisha uitazame kwa ukubwa wa kuchapishwa na kwa kuikuza mara 4. Wingu la bluu hujificha juu ya nyeupe na kujitokeza juu ya nyeusi. Mstari mweusi hufanya kinyume chake.

Mchangiaji wa saba:

Nimeweka ukanda mpana kwenye nywele na kuitoa bluu kama ulivyoeleza. Juu ya nyeusi bado kuna mabaki kidogo nyuma ya sikio la kulia, kwingine pamesafika. Ninarudi kuupanua ukanda hapo.